Ujirani Unaolinda na Ujirani Unaoficha

Matini ya mazungumzo na wakazi wa mpakani, Busia



Katika mikutano ya namna hii kuna swali moja ambalo huulizwa kila mara, Uganda na Kenya vilevile: "Hawa wageni waliohamia mtaani petu, tutawajuaje kama ni watu wema?" Ni swali la haki, wala hatuwezi kulijibu kwa kusoma vifungu vya sheria peke yake. Leo tumeona tulijibu kwa kuwaeleza mtaa tuliokulia sisi, mtaa ambao karibu kila aliyeishi humo alikuwa ametoka kwingine. Mtaa ule ulitufundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba wageni wakijuana kwa majina na kwa shida zao hulindana kama ndugu wa tumbo moja. La pili ni kwamba kujuana huko huko kunaweza kugeuka pazia, na nyuma ya pazia mtu akaumia huku majirani wote wakisikia. Tunaomba mtuvumilie tukiyaeleza yote mawili, kwa kuwa kazi ya polisi mtaani imo katikati yake.

Mtaa wa watu waliotoka kwingine

Tulikulia Walukuba, mjini Jinja, karibu na mahali ambapo mto Nile unatoka ziwani. Jinja ni mji uliokuzwa na kazi. Mwaka 1931 reli ilivuka Nile kwa daraja la Jinja, na garimoshi lililotoka Mombasa likaweza kufika Kampala. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls, ambalo siku hizi linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa rasmi, na umeme wake ukavuta viwanda: kiwanda cha nguo cha Nyanza, ambacho watu walikijua zaidi kwa kifupi chake, NYTIL, na tanuri la kuyeyushia shaba iliyoletwa kwa reli kutoka Kilembe, magharibi kabisa mwa nchi. Jirani na mji, huko Kakira, kiwanda cha sukari kilikuwa kimekwisha kuanza kazi tangu 1930.

Kazi hizo zilitaka mikono mingi kuliko iliyopatikana Busoga. Wakaja Waluo na Waluhya kutoka Kenya, Wasamia na Wateso wa pande zote mbili za mpaka, watu wa West Nile, Wanyarwanda, na wengine waliotoka Kongo na Sudan. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya kikoloni ilijenga mtaa wa Walukuba ili wafanyakazi hao wapate pa kulala. Nyumba zilipangwa kwa safu, zikifanana kama vipande vya sabuni katika boksi moja, nyingi zikiwa na chumba kimoja au viwili, na maji tuliyachota kwenye bomba la pamoja.

Hata chakula chetu kinaeleza historia hiyo. Mnajua wote kwamba Uganda ugali huitwa posho. Posho, kwa maana yake ya asili, ni mgawo anaopewa mfanyakazi au askari kwa ajili ya riziki yake. Unga wa mahindi uliogawiwa vibarua ndio ulioibeba jina hilo hadi sahanini, na mpaka leo hata tajiri huagiza posho hotelini bila kukumbuka kwamba anataja mgawo wa kibarua.

Sisi tulizaliwa wakati neema ya viwanda ilikuwa imepungua. Mwaka 1972 Waasia walipewa siku 90 kuondoka nchini, na viwanda vingi vikapoteza wenyewe pamoja na mafundi wake. Tulipoanza shule, mashine nyingi zilikuwa zimesimama au zinachechemea. Baba zetu waliondoka alfajiri na vitambulisho vya kiwanda mfukoni, wakarudi jioni na vitambulisho vile vile, mshahara haupo. Mtaa uliendelea kula kwa jasho la kina mama: mandazi, chapati, makaa, na samaki wa Masese.

Lugha ya kuombea chumvi

Nchini Uganda, Kiswahili kilipata jina baya. Kwa miaka mingi kilikuwa lugha ya kambi ya jeshi, na katika misukosuko ya miaka ya 1970 na 1980 wananchi wengi walikisikia kwa mara ya kwanza mdomoni mwa mtu mwenye bunduki. Operesheni za kuwakusanya raia zilizofanywa mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilijulikana kwa maneno mawili ya Kiswahili: panda gari. Aliyeambiwa maneno hayo hakujua atashukia wapi.

Walukuba nasi tuliyajua maneno hayo. Lakini lugha hiyo hiyo ndiyo tuliyoitumia kuombea chumvi. Mama wa Kiluo hakujua Kilugbara, Mlugbara hakujua Kisamia, na Mnyarwanda hakujua hata kimoja cha hivyo. Wote walipokutana bombani walizungumza Kiswahili, chenye makosa mengi ya sarufi, na hakuna aliyemcheka mwenzake kwa kuwa hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kumsahihisha mwingine. Samaki mdogo wa Masese, Mganda alimwita mukene, Mluo akamwita omena, na aliyewahi kuishi Mwanza akamwita dagaa. Kina mama wauzaji waliyajua majina yote matatu, na bei ilikuwa moja.

Mtoto wa safu moja alikuwa mtoto wa safu nzima. Aliyekutwa ziwani saa za shule alirudishwa na mtu mzima wa kwanza kumwona, awe wa kabila lake au la. Aliyekosa chakula cha mchana kwao alijua ni mlango upi aketi karibu nao, na mwenye mlango alijua sababu ya kuketi kwake bila kumwuliza mbele ya watu.

Ukaribu huo ulikuwa na chanzo chake. Wazazi wetu walikuwa wameona jinsi hali ya mgeni inavyoweza kubadilika kwa tangazo moja. Mwaka 1970 serikali ya wakati huo iliwaamuru wafanyakazi wa Kikenya waondoke Uganda, na maelfu wakafungasha. Mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ikavunjika, na shirika la reli lililokuwa moja likagawanywa kwa nchi. Mtu aliyelala akiwa mfanyakazi wa Afrika Mashariki aliamka akiulizwa yeye ni wa nchi gani. Waliobaki Walukuba walijifunza kwamba karatasi inaweza kubatilishwa, na kwamba siku hiyo ikifika, atakayeweza kusema "huyu namjua" ni jirani.

Daftari la mzee

Jambo lililotuunganisha kuliko yote lilikuwa msiba. Kwa Waluo na Waluhya, kama ilivyo kwa wengine wengi, mtu hazikwi ugenini ikiwa njia ya kumrudisha kwao ipo. Kusafirisha maiti kutoka Jinja hadi Siaya au Bungoma ni gharama isiyowezwa na mtu wa mshahara wa kibarua, sembuse asiye na mshahara. Kwa hiyo safu yetu ilikuwa na daftari, na daftari hilo lilitunzwa na mzee mmoja, fundi mstaafu wa reli.

Mzee aliandika jina la kila mwenye nyumba, kijiji alikotoka, jina la ndugu wa kuarifiwa, na kiasi alichochangia katika kila msiba. Mlugbara alichangia gari la kumpeleka Mluhya Bungoma, na mwaka uliofuata Mluhya akachangia gari la kumpeleka Mlugbara Arua. Hakuna aliyelazimishwa kuandikwa. Watu walikwenda wenyewe, wengine wiki ile ile waliyohamia, kwa sababu kila mmoja alitaka awepo mtu anayejua pa kumrudisha. Miaka mingi baadaye tulipoingia polisi na kukabidhiwa rejista za ofisini, hatukupata hata moja iliyokuwa sahihi kama daftari lile la mgongo uliochanika.

Daftari hilo liliwahi kuokoa uhai. Usiku mmoja kijana asiyejulikana alikamatwa karibu na bomba, akishukiwa kuiba nguo zilizoanikwa. Kelele za mwizi zikapigwa, watu wakatoka, mawe yakaokotwa. Mzee wa daftari akamvuta kijana yule, akamkalisha kwenye kibaraza chake, naye akaketi mbele yake. Kisha akamwuliza kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Kwenu ni wapi? Tukikuua usiku huu, tumpelekee nani maiti?" Kijana akataja kijiji kimoja karibu na Malaba. Mmoja wa waliobeba mawe alikuwa mtu wa kijiji jirani na hicho, akaanza kumwuliza habari za watu anaowajua. Alipojibiwa, aliliweka jiwe lake chini, na wenzake wakafuata. Kulipokucha kijana alipelekwa kituoni akiwa mzima. Kama aliiba au hakuiba, hilo liliachiwa mahakama, ambayo ndiyo kazi yake.

Huo ndio ujirani unaolinda. Unamlinda hata yule ambaye watu wamekwisha kumhukumu, kwa sababu unakumbuka kwamba naye ana kwao.

Ukuta mwembamba

Sasa tuuseme upande wa pili, ambao husemwa mara chache katika sifa za mitaa ya zamani.

Mwishoni mwa safu yetu aliishi mtu wa maana. Hakukosa kuchangia msiba hata mmoja, na jina lake lilikuwa miongoni mwa majina ya kwanza ya daftari. Siku moja nyumbani kwake akaonekana msichana wa miaka kama kumi na mmoja. Tulisikia kwamba ameletwa kutoka ng'ambo ya mpaka, kwa ahadi ya kusomeshwa. Asubuhi tukienda shule tulimpita bombani na ndoo. Jioni tukirudi tulimkuta bombani na ndoo. Shuleni hatukumwona.

Usiku alipigwa. Kuta za Walukuba zilipitisha kikohozi, na kilio zilikipitisha pia. Watu wazima walisikia, wakaongeza sauti ya redio. Tukiuliza, tuliambiwa ya Ngoswe mwachie Ngoswe.

Tusiwaone watu wale kuwa wakatili. Ni watu wale wale waliochangia magari ya maiti na kulisha watoto wa wenzao. Walinyamaza kwa sababu tatu, na tunazitaja kwa kuwa kila wiki tunazikuta katika mitaa ya mpakani. Kwanza, mwenye nyumba alikuwa amewafadhili. Watafanyaje kumshitaki mtu aliyewasaidia kuzika? Pili, waliamini kwamba aibu ya nyumba moja itakuwa aibu ya mtaa mzima, na mtaa wa wageni hauna akiba ya jina jema la kupoteza. Tatu, na hii ndiyo iliyokuwa nzito, walihofu kwamba askari akiitwa kwa ajili ya mtoto, ataanza kwa kuuliza vibali, na kabla ya jua kutua nusu ya safu itakuwa imo garini. Panda gari haikuwa imesahauliwa.

Aliyevunja ukimya alikuwa mama muuza mandazi. Asubuhi moja msichana yule alitumwa kununua, akapokea mandazi kwa mkono wa kushoto. Mama akamkanya, kama desturi inavyotaka. Mtoto akajaribu kuunyosha wa kulia, na mkono ule ulikuwa umevimba hata vidole havikuweza kufunga. Mama akamwuliza, "Mwanangu, waitwa nani?" Msichana akataja jina lake. Mtaani hapakuwa na mtu aliyewahi kulisikia. Kule nyumbani aliitwa "wewe".

Mama yule aliliteremsha karai lake motoni, akamshika mtoto mkono ulio mzima, akaenda naye kwa mzee wa daftari. Alisema, "Lifungue, unionyeshe jina lake." Mzee akafungua, akapekua, jina halikuwamo. Aliyeandikwa ni mwenye nyumba, mkewe na watoto wao. Mama akasema, "Basi huyu akifa, tutachanga kwa jina gani? Tutampeleka wapi?" Mzee alikaa kimya kwa muda, kisha akavaa koti lake. Wakaenda wote watatu kwa mwenyekiti wa RC, kama mabaraza ya mitaa yalivyoitwa wakati ule, na kutoka hapo wakaenda kituoni.

Afisa aliyekuwa zamu siku ile aliandika kwanza jina la mtoto. Kisha akaandika habari, akampeleka kutibiwa, wala hakumwuliza mama wala mzee kibali cha kuishi. Hilo tulisimuliwa mara nyingi mtaani, na kwa baadhi yetu lilikuwa na sehemu katika uamuzi wa kuvaa sare hii. Bibi wa mtoto alitafutwa kupitia wachuuzi wa samaki waliokuwa wakivuka mpaka, akapatikana, na mtoto akarudi kwao. Mwenye nyumba alifikishwa mahakamani.

Mtaa haukumshangilia mama muuza mandazi. Kwa wiki kadhaa mandazi yake yalilala. Walisema amepeleka mambo ya ndani nje. Mwanamke aliyekuwa akimwachia mwanawe mdogo alimtafutia mtoto mlezi mwingine. Mzee wa daftari alitutuma kila asubuhi tumnunulie mandazi mawili, na nadra ilikuwa siku ambayo tulikuta mnunuzi mwingine pale. Hakuna aliyekwenda kumwomba radhi. Ila baada ya muda walianza kurudi mmoja mmoja, kila mtu akijifanya kama kwamba jana pia alinunua, naye akawahesabia mandazi yao bila neno.

Daftari nalo likabadilika. Mzee alipita nyumba kwa nyumba akaandika upya. Safari hii hakuridhika na wenye nyumba. Aliandika watoto, ndugu waliokuja kutafuta kazi, wapangaji wa vyumba vya uani, na wasichana wa kazi. Kila mmoja alimwuliza mwenyewe, ana kwa ana: waitwa nani, kwenu wapi, na tumwarifu nani?

Mpaka wetu leo

Wakazi wenzetu wa mpakani, tofauti kati ya ujirani wa aina mbili tuliyoieleza iko katika swali hilo la mzee. Ujirani unaolinda unamjua kila aliyemo ndani ya nyumba. Ujirani unaoficha unamjua mwenye nyumba peke yake.

Hapa Busia jambo hili lina uzito wa pekee. Mwaka 1902 jimbo la mashariki la Uganda lilihamishiwa upande ambao leo ni Kenya, na mpaka ukapita katikati ya watu. Vijiji havikusogea. Msamia wa upande huu na Msamia wa ng'ambo ya mto Sio wanaoana na kuzikana, vivyo hivyo Wateso wa Tororo na wa Malaba. Tangu 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wameweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, na kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa hapa mwaka 2018 kimefupisha foleni. Hayo ni mema, nasi tunayatetea. Kuvuka mpaka si kosa, na kuwa mgeni si dalili ya uhalifu.

Lakini njia anayopita mchuuzi wa nyanya ndiyo anayopita pia mtu anayemwongoza mtoto kwa ahadi ya shule. Afisa wa mpakani humwona mtoto huyo kwa dakika tano. Ninyi mtamwona kwa miaka mitano, bombani, sokoni, akiwa na mzigo kichwani saa ambazo wenzake wako darasani. Hakuna kituo cha polisi kinachoweza kuona kama mnavyoona ninyi. Ndiyo maana tunawaletea maombi matatu.

Ombi la kwanza: hesabuni nyumba kumi. Desturi hii si ngeni kwetu. Watanzania wamekuwa na mabalozi wa nyumba kumi tangu zamani, Wakenya wana Nyumba Kumi yao, nasi Uganda tumeisema kwa matamshi yetu, Mayumba Kumi. Kila kikundi kiwe na daftari lake, litunzwe na mtu mnayemwamini ninyi. Mgeni akihamia, apokewe, apelekwe kwa mwenyekiti wa LC wa mtaa, au kwa balozi au mzee wa mtaa kwa mujibu wa desturi ya upande wenu, ajulishwe majirani. Aandikwe jina, kwao, na ndugu wa kuarifiwa, naye aambiwe kwamba hiyo ni faida yake. Daftari hilo lisigeuzwe kuwa la kuwindia watu. Daftari la Walukuba lilikuwa sahihi kwa sababu lilikuwa mali ya wakazi na lilianzishwa kwa ajili ya kusaidiana. Lingekuwa letu polisi, nusu ya majina yangekuwa ya uongo, nasi tungestahili hivyo.

Ombi la pili: mkisikia kilio cha mtoto usiku baada ya usiku, msiongeze sauti ya redio. Sheria ya Watoto ya Uganda inamtaka mwanajamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa aupeleke kwa baraza la eneo lake. Tangu 2009 tuna sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa watu, na inamgusa anayempokea na kumhifadhi mtu ili amnyonye, sawasawa na yule aliyemvusha. Tangu 2010 tuna sheria dhidi ya ukatili wa majumbani, kwa hiyo hoja kwamba ni mambo ya ndani haina nguvu tena. Nambari 116 ni ya kuwasaidia watoto, na kuipiga ni bure. Uganda huduma hiyo inaitwa Sauti, na nambari hiyo hiyo inatumika Kenya na Tanzania. Kwa dharura nyingine hapa Uganda, pigeni 999 au 112. Na atakayepiga, mtaa usimwache mandazi yake yalale. Mnunulieni siku ile ile.

Ombi la tatu: jiwe likiokotwa, pawe na mtu wa kuuliza "kwenu ni wapi?" Tumeokota miili mingi mno ya watu waliouawa kwa kelele za mwizi, na baadhi yao tulikuja kubaini kwamba walikuwa wapita njia waliopotea, ambao kosa lao lilikuwa kutojulikana. Mshukiwa aliyekabidhiwa kituoni akiwa hai anaweza kuulizwa, kutaja wenzake, na kurudisha mali. Maiti haitaji mtu.

Nanyi mnatudai. Katiba ya Uganda inatutaka tumfikishe mshukiwa mahakamani ndani ya saa 48, kama hajaachiwa mapema zaidi. Dhamana ya polisi ni bure. Anayedai pesa kwa ajili yake anaiba, na aripotiwe kwa wakubwa wake. Anayekuja kituoni kwa ajili ya mtoto anayeumia, habari yake iandikwe kwanza, jina la mtoto liwe juu ya ukurasa. Mkikuta afisa anaanza kwa kuuliza kibali cha aliyeleta habari, mwambieni kwamba tumewaahidi tofauti, hapa, mbele ya wazee. Hofu ya panda gari haiondoki kwa hotuba. Itaondoka siku moja moja, kwa kila mwananchi atakayeingia kituoni na habari akatoka akiwa salama.

Mkutano huu ukiisha kila mmoja ataelekea kwake, wengine upande huu wa mpaka, wengine ng'ambo. Njiani, jaribuni kuzihesabu nyumba kumi zilizo karibu na yenu, na katika kila moja mtaje kwa jina kila anayelala humo: mzee, mpangaji, mtoto, msichana wa kazi. Mtakapofika kwenye nyumba ambayo kuna mtu mmoja hamjui jina lake, hapo ndipo pa kubisha hodi kesho asubuhi.